Kabla Hujawa Mama Mkwe Wangu

Nyamasaria, Kisumu
11 Februari 1991

Mwalimu Milka,

Utashtuka ukiona mwandiko huu. Tangu nimwoe binti yako, barua zote zinazokujia kutoka nyumba hii huandikwa na Selpha, na mimi huwa mstari mmoja wa mwisho: "Absalom anakusalimu." Leo Selpha ameenda sokoni Kondele, nami nimechukua kalamu yake.

Nimekuita Mwalimu. Usikasirike. Najua kwamba wewe ni mama mkwe wangu. Ningekuandikia kwa Dholuo ningelazimika kukuita maro, na nikishakuita hivyo sina ruhusa ya kusema zaidi ya habari za mvua na ng'ombe. Ndiyo sababu naandika kwa Kiswahili. Hiki ndicho ulichotufundishia pale Kendu Bay kabla hujawa mama mkwe wa mtu yeyote. Katika lugha hii mimi bado ni mtoto wa darasa la tatu, kaptura imetoboka nyuma, na nina haki ya kuinua mkono.

Basi nimeinua.

Unakumbuka siku ya ramani? Ulitwambia kila mmoja achore ufuo wa ziwa jinsi anavyouona akisimama mlangoni kwao. Mimi, mtoto wa mpagazi, nilichora gati upande wa kulia. Bakari, mtoto wa muuza nguo, akalichora upande wa kushoto. Nikamwambia ni mjinga. Akaniambia mimi ndiye mjinga na baba yangu pia. Tulikuwa tumeshashikana mashati ulipokuja kati yetu. Tulingoja useme nani amekosea. Hukusema. Ulisema, "Bakari, leo utalala kwa kina Amolo. Amolo, kesho utalala kwa kina Bakari. Kisha mje mniambie gati liko wapi."

Nilikwenda kwa kina Bakari nimenuna. Asubuhi nilisimama mlangoni kwao, nikatazama ziwa, na gati lilikuwa kushoto. Mwalimu, mimi nimesoma sheria, nimesoma vitabu ambavyo vikianguka mguuni utachechemea wiki nzima, lakini sijaona jambo lililonishangaza kama gati lile lililohama bila kuhama.

Nilipokuwa hakimu, waliniita Hakimu wa Miguu. Mawakili walinicheka: "Vaeni viatu vizuri, leo tuko mbele ya Amolo." Kwa sababu mashahidi wawili walipopingana, sikukubali kuamua nikiwa nimekaa. Niliichukua mahakama nzima, na karani, na mshtakiwa, tukaenda mahali penyewe, nami nikasimama pale aliposimama kila shahidi. Kuna mvuvi wa Dunga, Ogola, ambaye watu wawili waliapa walimwona akibeba nyavu za mwenzake. Nilisimama waliposimama. Kutoka pale huwezi kujua mtu anatoka mtumbwi upi kati ya miwili. Ogola akaenda nyumbani kwa watoto wake. Alinishukuru mimi. Nilitaka kumwambia, usinishukuru mimi, kuna mwanamke ng'ambo ya ghuba.

Sikumwambia. Ndiyo maana nakuambia wewe.

Mimi ni mzima, ila malaria inanisumbua kidogo.

Mwanafunzi wako,
Absalom Amolo


Kendu Bay
2 Machi 1991

Mkwe wangu mheshimiwa,

Barua yako imekuja kwa meli. Niliisoma nikiwa nimesimama, kwa adabu. Kisha nikaketi nikaisoma tena.

Sahihisho moja. Umesema ulikwenda kwa kina Bakari umenuna. Hukusema ulirudi lini. Nilikutuma ukalale siku moja, ukakaa hadi mama yako akaja shuleni kuniuliza kama nimekuuza. Mama Bakari alikuwa akipika sambusa, nawe ulikuwa hujamaliza kuchunguza gati. Bakari yuko hapa, ana cherehani yake barazani, meno hana. Nilimsomea kipande kile. Anasema wewe ulikuwa mjinga kweli, lakini ya baba yako anayafuta.

Nimefurahi kusikia habari za Ogola. Mwalimu hupanda asichokiona, kisha watoto huondoka na meli. Nimefundisha watoto wengi ambao sijui hata kama wako hai. Kwa hiyo ahsante kwa kuniambia.

Lakini kwa kuwa umeinua mkono, nami nina swali, na nimelibeba muda mrefu.

Mwaka wa sitini na sita nilikuja Kisumu kutazamwa macho. Nilikuwa na muda kabla ya meli, nikasema moyoni, siwezi kuingia nyumbani kwa mkwe bila kualikwa, lakini mahakamani kila mtu huingia. Nikaketi benchi la mwisho kabisa na wanawake wa Nyalenda. Nilikuona pale juu, umevaa miwani, unamwuliza mzee mmoja kwa upole arudie alichosema. Nilijivuna, nisikufiche. Kisha ukainua macho ukaniona. Ukasimama. Watu wote wakasimama. Ukatoka kwa mlango wa nyuma, na karani akatangaza kwamba kesi imeahirishwa.

Nilikuwa nimevaa leso ya sokoni na viatu vya tairi. Wanawake wakauliza, "Hakimu ameona nini?" Nikasema sijui. Nilipanda meli nikifikiri: amekuwa mkubwa, ameona haya.

Baadaye nilijiambia ni mila tu, mkwe hawezi kukaa mbele ya mama mkwe wake. Siku nyingine niliamini hivyo, siku nyingine sikuamini. Selpha sijamwambia.

Kama jibu lako ni la adabu tu, tafadhali usinijibu.

Mama mkwe wako,
Milka Nakhungu


Nyamasaria
14 Machi 1991

Mwalimu,

Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikashindwa kula. Miaka yote hiyo umebeba jambo lile!

Nisikilize. Haikuwa haya. Wala haikuwa mila, ingawa mahakama yote ilidhani ni mila, na wazee wa mabaraza walinisifu: "Hakimu wetu amesoma lakini anajua heshima ya mkwe." Niliwaacha wanisifu kwa jambo ambalo silo.

Ukweli ni huu. Niliinua macho nikakuona, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Basi. Sikuiambia. Ilisimama kama ilivyokuwa ikisimama ukiingia darasani. Ningetamka "Shikamoo, Mwalimu" kama nisingeuma ulimi. Na hakimu akisimama, mahakama husimama. Wakili amesimama, polisi amesimama, mshtakiwa amesimama, wote wananitazama mimi, nami sijui la kufanya. Siwezi kuketi tena, kiti kile ni kirefu na wewe uko chini kwenye benchi. Hakimu aliyesimama mbele ya watu wote ana njia moja tu, nayo ni mlango wa nyuma. Nikatoka. Nilizunguka jengo lote nikikimbia na joho langu kukutafuta langoni. Ulikuwa umeshaondoka. Na kama ningekukuta, ningefanya nini? Kukupa mkono hairuhusiwi. Ningesimama kama mlingoti.

Na kwa kuwa tumefungua, nikuambie la pili, ambalo hata Selpha halijui. Nilipompenda Selpha nilikaa mwaka mzima bila kumleta mshenga kwenu. Alilia. Alidhani nina mwanamke mwingine Maseno. Hapakuwa na mwanamke. Nilikuwa nikijua kwamba siku nitakapomchumbia, wewe utakuwa maro. Sitakula tena mbele yako. Sitaingia nyumbani kwako kuuliza neno nililolisoma gazetini. Nikikuona njiani nitapita kando. Kila likizo nilikuja kwako na maswali, unakumbuka? Nilijiuliza, nimpate Selpha nimpoteze Mwalimu? Nilimchagua Selpha, na sijajuta hata siku moja. Lakini nilijua ninachokipoteza, na nilikijua vizuri.

Sasa sikia ombi langu. Njoo Nyamasaria. Neno la shukrani sijawahi kukuambia kwa mdomo wangu. Darasani nilikuwa mtoto, sikujua. Nilipojua, ulikuwa mkwe. Karatasi haitoshi. Nataka kulisema nikikutazama usoni, mara moja, halafu mila iendelee na kazi yake.

Malaria bado ipo ipo.

Absalom


Kendu Bay
4 Aprili 1991

Amolo,

Nimecheka peke yangu hadi jirani yangu Zeituni akapiga hodi kuuliza kama naumwa. Hakimu anakimbia na joho! Nilipomaliza kucheka nililia kidogo, lakini ni kilio cha kupumzika. Sasa jambo lile limetoka kifuani. Ahsante.

Ya mwaka ule wa Selpha sikuyajua. Nilidhani unakusanya ng'ombe.

Lakini kuja, hapana. Kwetu Kimilili mama yangu alikuwa akijitupa ndani ya mahindi akimwona mkwe wake akija njiani, na kikapu chake kikabaki barabarani peke yake. Hapa nilipoolewa ni vivyo hivyo. Tena mimi ni mgeni niliyeolewa huku. Mwenyeji akivunja mila wanasema amezeeka. Mgeni akivunja wanasema hakufunzwa kwao. Nimezeeka katika nchi hii na hakuna aliyewahi kunisema hivyo, na marehemu Oduor, mume wangu, alijivunia jambo hilo mbele ya makarani wenzake wote wa gati.

Neno lako nimelisoma. Nalipokea hivyo hivyo. Umesema mlangoni, nimesikia ndani. Malaria hupona. Kunywa dawa, kula, na tuandikiane.

Mwalimu wako (nimeandika, nisamehewe),
Milka


Nyamasaria
19 Aprili 1991

Mama mpendwa,

Absalom hana malaria. Ni ini. Madaktari walitwambia tangu Krismasi, na mwezi huu wamesema tumlaze nyumbani. Amekwisha, Mama. Ukimwona mkono wake utadhani ni wa mtoto.

Hajui kwamba nakuandikia. Alinikataza. Anasema, "Akiambiwa atakuja kumwona mgonjwa. Mimi nataka aje kumwona mwanafunzi." Ulipokataa hakulalamika. Aliikunja barua akasema una haki, akageukia ukutani.

Barua zako nimezisoma zote. Msinikasirikie, alizificha chini ya godoro, na anayetandika ni mimi. Juu ya ule mwaka alionikawiza nilimwuliza wazi. Alipokiri nilimpiga na mto. Mama, mimi nilishamsamehe zamani kwa mwanamke wa Maseno, hata jina nilimpa, kumbe mwanamke mwenyewe ni wewe na maswali ya gazeti! Tulicheka mpaka akakohoa.

Binamu yake mkubwa, Opiyo, amehamia hapa. Amekaa mlangoni anaamua nani aingie. Ameshasema wakwe wote wataketi nje chini ya turubai, na wewe hasa, maana Absalom amelala kitandani na mama mkwe hawezi kumwona mkwe akiwa kitandani. Sikuambii uje. Nakuambia tu hali ilivyo.

Binti yako,
Selpha


Nyamasaria
9 Mei 1991

Mwalimu,

Vumilia mwandiko. Naandika mistari michache, napumzika, naandika tena.

Umeshafika Kendu, na mimi bado nasikia sauti yako mlangoni. Nilikuwa macho. Nilisikia yote.

Opiyo alisema, "Maro, karibu sana. Kiti chako hiki hapa nje, kivulini."

Ukasema, "Sikupanda meli kuja kukalia kiti."

"Mama, mkweo amelala. Hata shati hana. Ni aibu kwenu nyote wawili."

"Opiyo, mkwe wangu mtunze wewe. Mimi nimekuja kumwona mwanafunzi wangu."

"Mwanafunzi gani, Mama? Mzee wa karibu miaka sabini?"

"Wewe ulikuwa darasani kwangu?"

"Hapana. Mimi nilisoma huku."

"Inaonekana. Sogea."

Mwalimu, nilicheka kwa ndani hadi mbavu zikauma. Kisha nikasikia fimbo yako sakafuni, na mkwe aliye ndani yangu akashikwa na hofu. Nilivuta shuka nikajifunika uso. Nilitaka uje miezi yote hii, na ulipokuja nilijificha kama mama yako kwenye mahindi.

Ukasimama hapo. Ukasema, "Amolo. Keti wima."

Watu wawili hunishika nikitaka kuketi. Selpha ni shahidi. Siku ile niliketi peke yangu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, mahakimu tuna ugonjwa huo. Nilitaka kusema juu ya Ogola, na wengine ambao walirudi kwao kwa sababu yako, na vijana niliowafundisha kazi ambao leo wanatoka ofisini kwenda kusimama waliposimama mashahidi, na hawajui kwamba ni wewe uliyewatuma. Yote yalinitoka kichwani. Nilisema, "Ahsante, Mwalimu." Uliendelea kunitazama kama ulivyokuwa ukimtazama mtoto ambaye hajamaliza, na kweli sikuwa nimemaliza, nikasema tena, nikasema tena, hadi nikaona nimeridhika.

Ndipo ukasema, "Nimesikia." Ukaketi. Ukaanza kunisimulia ya Bakari na meno yake, kama kwamba tuna mchana wote, na kweli tulikuwa na mchana wote. Uso wako umebadilika, umekuwa mdogo. Macho hayajabadilika. Sikuwa nimeyatazama tangu mwaka wa hamsini.

Opiyo amenuna. Jana alikuja akakaa karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani huyo mama alikuwa akiwafundisha nini huko?" Nikamwambia achukue kiti, habari ni ndefu.

Nimechoka sasa. Nina furaha. Sijui kama nitaandika nyingine.

Absalom Amolo


Kendu Bay
3 Juni 1991

Selpha mwanangu,

Tumefika salama. Zeituni alitapika njia nzima na kulilaumu ziwa, lakini leo amekula. Wewe kula pia. Najua unawapikia waombolezaji na kusahau sahani yako.

Barua yako nimeipata. Unasema wazee wa upande wa Absalom wamekuuliza, na Opiyo ameuliza, na sasa unaniuliza wewe mwenyewe: kwa nini wakwe walipoitwa wasimame mbele ya jeneza watambulishwe, mama yako aliketi? Wanasema nilimdharau marehemu, au nimekasirika kwa kukaribishwa nje siku ile. Sikukasirika. Opiyo alifanya kazi yake, na alipokuwa akichimbisha kaburi nilimwona akifuta macho kwa mkono wenye udongo. Mwambie nimemwona.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, nawe uwaeleze.

Wakwe walipoitwa, watu wetu wa Kendu wote walisimama. Zeituni alinivuta nguo, "Milka, simama, ni sisi hao." Nikamwambia simama wewe. Waliitwa watu wa mahakama, wakasimama wengi, na nguo zao nyeusi kwenye jua lile. Waliitwa watu wa kanisa. Wakaitwa majirani wa Nyamasaria. Yule mwenye kipaza sauti alikuwa akiita haraka haraka, mvua ilikuwa inakuja. Akasoma, "Walimu waliomfundisha marehemu." Hakuinua macho. Mtu wa umri ule, nani atakuwa bado hai? Alikuwa ameshafungua mdomo kuita kundi lingine.

Nikasimama. Unayajua magoti yangu, ilichukua muda. Watu walianza kunong'ona, huyu si mama mkwe? Mwenye kipaza sauti akaniangalia, akaniuliza jina, nikamwambia. Akaliandika, akalisoma kwa sauti, peke yake, bila jina lingine la kufuata.

Basi waambie wazee hivi. Wakwe wa Absalom walikuwa wengi, nikikaa mimi hawapungui. Mwalimu alikuwa mmoja tu. Ningebaki nimeketi, watu wangerudi kwao wakidhani mtu yule alijifunza mwenyewe.

Mama yako,
Milka Nakhungu